SOMO: Namna ya kufuatilia hoja za seneta wa upinzani Ayalandi mpaka kwenye kura

Wakuu, habari za kazi.

Haipiti wiki sijaletewa kipande cha video: seneta kasimama, anaongea kwa uchungu, na chini yake swali lile lile, "Hii imeshapitishwa?" Nimejibu inboksi, nimejibu kwenye harusi, nimejibu mpaka msibani. Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta kwenye uzi huu.

Kwanza tuelewane. Bunge la Ayalandi linaitwa Oireachtas. Lina Dáil, ambayo wabunge wake huchaguliwa na wananchi, na Seanad, yaani Seneti, yenye watu 60. Kati ya hao, 11 huteuliwa na Waziri Mkuu, Taoiseach, na kwa kawaida ndio wanaoipa serikali wingi. Kwa hiyo seneta wa upinzani mara nyingi husimama akijua kabisa hesabu ya kura haimpendelei. Kazi yake utaiona kwenye kumbukumbu za majadiliano. Kwenye video ya sekunde arobaini huioni.

Mfano wangu ni seneta wa kujitegemea, Frances Black, na muswada wake wa mwaka 2018.

Hatua ya 1. Fungua oireachtas.ie.

Hatua ya 2. Tafuta jina la seneta, ingia kwenye ukurasa wake.

Hatua ya 3. Chagua Seneti ya ngapi. Ya 25 ni ya 2016 hadi 2020, ya 26 ikaishia Januari 2025, ya sasa ni ya 27. Muswada wa Black umo kwenye ya 25.

Hatua ya 4. Tazama aliongea kwenye kipindi gani. Kikiwa "Order of Business", ni mwanzo wa kikao: kila seneta anapewa dakika chache kutaja jambo lolote, kiongozi wa shughuli anajibu, basi. Video nyingi mnazonitumia zimetoka hapo, na hapo hakuna sheria inayopitishwa. Kikiwa "Commencement Matters", seneta ameleta jambo mahususi na waziri au naibu wake anakuja kujibu. Hapo soma zaidi jibu la waziri kuliko swali, maana ndilo utakaloishika nalo serikali baadaye. Kikiwa na jina la muswada, nenda hatua ya 5.

Hatua ya 5. Soma mpaka mstari wa mwisho, kisha tafuta siku inayofuata. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba mtulie.

Januari 30, 2018 muswada wa Black uliingia kwenye kusomwa mara ya pili. Ulitaka kupiga marufuku kuingiza na kuuza bidhaa zinazotoka kwenye makazi ya walowezi katika maeneo yanayokaliwa kijeshi, na mjadala ulihusu hasa makazi ya Waisraeli kwenye ardhi ya Wapalestina. Nilisoma hotuba yake yote. Nilisoma na hoja za serikali iliyoupinga. Chini kabisa nikakuta neno "adjourned". Nikalielewa kuwa umetupiliwa mbali. Usiku ule ule nikaandika kwenye kundi letu la Dublin kwamba muswada umekufa. Mama mmoja aliyekuwa ameshakodi ukumbi ili tuukae na kuujadili akaniamini, akaahirisha kila kitu. Julai 11 mjadala ukaendelea pale pale ulipoachwa, na muswada ukapita kwa kura 25 dhidi ya 20. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipikia na chai, lakini pesa ya ukumbi haikurudi.

Kwa hiyo:

- "Adjourned" ni kuahirishwa tu. Inaweza kuwa saa moja, inaweza kuwa miezi mitano kama hapa.
- Usimalizie kwenye ukurasa wa mjadala. Fungua ukurasa wa muswada wenyewe, ambao unaonyesha tarehe za kila hatua.
- Kama huoni kura wala tamko kwamba hoja imekubaliwa au imekataliwa, usiandike popote kwamba kuna uamuzi.

Hatua ya 6. Kura. Tá ni ndiyo, Níl ni hapana, na majina yote yamepangwa chini yake. Kabla hujamhukumu mtu, soma sentensi iliyo juu ya majina. Serikali huweza kuleta marekebisho kwamba muswada usomwe baada ya miezi 12. Hapo anayesema Tá anauchelewesha, na anayesema Níl ndiye anayeutetea. Nimeona watu wakimtukana seneta mtandaoni kwa kura ambayo kumbe ilikuwa ya kuwasaidia.

Hatua ya 7. Uliza umefika wapi. Kupita kusomwa mara ya pili ni kukubali wazo tu. Bado kamati, taarifa, hatua ya mwisho, kisha Dáil nayo ianze zake, ndipo Rais atie saini. Muswada wa Black ulimaliza Seneti Desemba 2018. Januari 2019 ukapita kusomwa mara ya pili Dáil, 78 dhidi ya 45. Kisha ukakwama. Muswada unaogusa fedha za umma unahitaji ujumbe rasmi wa serikali ili usonge mbele, na serikali haikuutoa. Ilishindwa kwa kura katika mabunge yote mawili, ila ufunguo ulibaki mfukoni mwake. Jambo hili liliniuma, na ndilo lililonifanya nisome kumbukumbu hizi mpaka leo.

Maswali karibuni.

---

Mtoto_wa_Ngamiani: Mkuu ndefu sana hii. Kwa kifupi Black alishinda au alishindwa?

Mleta somo: Hatua ya 7.

Mtoto_wa_Ngamiani: Si uniambie tu

Mleta somo: Nimeshaandika. Soma.

KisaunI: Shukrani ndugu. Mimi ni Mkenya, niko Cork. Kwetu seneta tunamchagua wenyewe, kila kaunti na wake. Hapa seneta wangu nitamjuaje ili nimwandikie?

Mleta somo: Swali zuri sana, ahsante. Hapa huna seneta wa eneo lako. Viti 43 hugawanywa kwa majopo matano: kilimo, kazi, utamaduni na elimu, viwanda na biashara, utawala. Wapiga kura wake ni madiwani, wabunge wapya wa Dáil na maseneta wanaomaliza muda. Viti 6 ni vya wahitimu wa vyuo vikuu, 11 ndio wale wa kuteuliwa. Faida yake ni kwamba unaweza kumwandikia seneta yeyote. Fanya hatua ya 2 na ya 4, ona nani ameshaligusa jambo lako, umwandikie huyo ukimtajia tarehe aliyoongea. Wa eneo lako ni mbunge wa Dáil, mwandikie na yeye.

KisaunI: Nimeelewa. Leo leo naanza.

Bwana Uwazi: Mbona umechagua mambo ya Palestina? Naona unaegemea upande.

Mleta somo: Nimechagua muswada ambao mjadala wake ulikatwa ukaendelea baada ya miezi, ambao upinzani ulishinda kura, na ambao nilikosea kuusoma. Msimamo wangu ninao na sijauficha. Hatua ni zile zile kwa muswada wowote utakaouchagua wewe.

Dogo Janja 07: si walishaifuta hiyo seneti?

Mleta somo: Hapana. Oktoba 4, 2013 wananchi waliulizwa kwenye kura ya maoni, asilimia 51.7 wakakataa kuifuta.

Binti Rukia: Nimesoma yote mara mbili. Kilichonishangaza ni hizo 25 kwa 20. Kama wale 11 huipa serikali wingi, upinzani ulishindaje? Na miaka wanayoshindwa, kuna faida gani kuwasoma?

Mleta somo: Umenifurahisha, dada. Mwaka 2018 chama cha Fine Gael kiliongoza serikali isiyo na wingi, ikishikiliwa na makubaliano na chama cha Fianna Fáil kilichobaki nje. Fianna Fáil ilipoamua kumuunga mkono Black, hesabu ikageuka.

La pili, msome Mary Robinson. Mwaka 1971 akiwa seneta kijana alileta na wenzake wawili muswada wa kuruhusu vidhibiti mimba. Seneti ilimnyima hata kusomwa mara ya kwanza, usichapishwe kabisa. Mwaka 1979 ikapitishwa sheria yenye masharti mengi, 1985 ikalegezwa. Robinson mwenyewe akawa Rais mwaka 1990. Ukisoma kumbukumbu za 1971 unaona hoja ilianzia wapi, na nani aliikataa kwa maneno gani.

Binti Rukia: Kwa hiyo za zamani zote zipo?

Mleta somo: Zipo tangu 1922. Mshairi W. B. Yeats alikuwa seneta kuanzia mwaka huo hadi 1928. Tafuta Juni 11, 1925, alivyopinga katazo la talaka. Ila pana pengo: Seneti ile ilifutwa 1936, hii ya sasa ikaanza 1938.

Mzee wa Galway: Nyongeza kidogo. Seanad tamka "shanadi", Dáil "doil", Taoiseach "tishakh", mwisho ni kh ile ya "masalkheri". Sisi hatupati shida, Waingereza ndio wanahangaika nayo. Na msitishwe na maneno ya Kiairishi mwanzoni mwa hotuba, nyingi ni salamu tu kwa mwenyekiti na kumkaribisha waziri.

Mleta somo: Ahsante mzee wangu. Nami naongeza: mkitazama video za 2018 mtaona ukumbi si ule wa Leinster House, jengo la Bunge. Ulikuwa unakarabatiwa, Seneti ikahamia Makumbusho ya Taifa, jirani hapo hapo Kildare Street. Msidhani mmefungua kikao kisicho chenyewe.

Mtoto_wa_Ngamiani: Nimesoma sasa. Ule ujumbe wa fedha, ni Waziri Mkuu ndiye anayeusaini?

Mleta somo: Ndiye. Katiba, ibara ya 17. Umeona sasa, umeuliza swali zuri. Njoo na jingine.