Polisi akisema "fungua mfuko", muulize: kosa gani?

Mimi ni mtetezi wa mahakamani hapa Lubumbashi, Kongo. Si avoka wa baro (wakili wa chama cha mawakili), lakini sheria inaturuhusu kusimama na mtu mbele ya tribinali. Wateja wangu ni watu wa manseba (taksi za pikipiki), mama wauza makala wa mitaa ya Kenya na Katuba, na vijana wa Njanja wanaonunua na kuuza simu. Karibu wote huleta swali lile lile: "Mama, polisi anaweza kunipekua hata kama sijakubali?"

Anaweza. Ila si polisi yeyote, si saa yoyote, na kamwe si bila kosa linalojulikana jina lake. Ndiyo maana nawafundisha swali moja tu la kuanzia, kwa sauti ya chini, mikono ikionekana: "Chefu, heshima yako. Ni kosa gani unatafuta?"

Swali hilo si ubishi, maana upekuzi wa nguvu barabarani husimama juu ya kosa. Mlango mkubwa ni kosa la papo hapo, yaani lile linalotendeka sasa hivi au limetoka kutendeka. Sheria ya mashtaka ya mwaka 1959 inaongeza hali mbili: mtu anayefukuzwa na kelele za watu, na mtu anayekutwa na vitu, silaha au karatasi zinazoonyesha kwamba ndiye aliyetenda au alisaidia. Lakini iwe ni muda wa karibu na kosa lenyewe, na hapo ndipo kesi nyingi huamuliwa.

Tuseme usiku nyaya za umeme zimekatwa Ruashi, mtaa mzima uko gizani. Alfajiri unakutwa kandokando ya barabara na gunia la shaba iliyochomwa, bado inanuka mpira. Hapo polisi atafungua gunia bila kukuomba ruhusa, na mimi nikija kukutetea sitapoteza muda kupinga upekuzi. Nitatafuta hoja nyingine. Gunia lile lile likikutwa kwako wiki kadhaa baadaye, "papo hapo" imekwisha. Sasa inatakiwa njia ya kawaida: OPJ (afisa wa polisi mwenye kazi ya kupeleleza makosa), parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), karatasi.

Kutembea saa nne usiku si kosa. Kuwa na simu mbili si kosa. Kumwogopa polisi si kosa, la sivyo nusu ya mtaa wa Kamalondo ingelala kasho (mahabusu).

Hali ya pili ni kukamatwa. OPJ anaweza kumkamata mtu akiwa na dalili nzito za kosa ambalo adhabu yake inafika miezi 6 ya gereza au zaidi. Ukishakamatwa kihalali, utapekuliwa kabla ya kuingizwa kasho: mkanda, pesa, simu, chochote kinachoweza kuumiza. Usipigane na hilo. Pigania vitu vyako viandikwe. Toa pesa mwenyewe na uhesabu kwa sauti, noti moja moja, mbele ya huyo anayeandika. Kisha kumbuka kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006: uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoelewa, upate kuwasiliana na familia au mtetezi wako, na kituoni usipite saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mahakimu. Kama chefu anakufokea kwa Kilingala na wewe hukisikii, sema: "Mimi nasikia Kiswahili." Nacho ni lugha ya taifa, kimeandikwa katika kifungu cha 1.

Sehemu nyingine zina kanuni zake. Pale mpakani Kasumbalesa watu wa forodha wana uwezo wa kukagua mizigo, magari na hata watu, wala hawangoji kosa. Uwanja wa ndege wa Luano vilevile: ukikataa kupekuliwa, hupandi ndege. Polisi wa barabarani, wale tunaowaita rulaje, wana haki ya kuona karatasi za gari na permi ya dereva. Lakini kuangalia karatasi ni jambo moja, na kupekua begi la abiria aliyeketi nyuma ni jambo lingine kabisa.

Sasa kuhusu kukubali. Polisi mjanja haamuru, anaomba: "Mama, tuone kidogo tu humo ndani." Ukijibu "haya, tazama", umemruhusu, na kesho utakosa cha kulalamikia. Kama hutaki, sema wazi: "Sikubali, lakini sikuzuii." Maneno hayo mawili yaende pamoja. La kwanza linatunza haki yako. La pili linakulinda na kosa jipya, maana ukimsukuma polisi au ukinyang'anyana naye mfuko, anaandika rebelio, yaani kumpinga polisi kwa nguvu, ambayo iko katika sheria ya adhabu. Alikuja bila kosa, na wewe umempa moja. Nimeona vijana wazuri wakiingia gerezani kwa mlango huo, wakati ndani ya begi mlikuwa na shati na mkate.

Akiendelea kupekua, mwombe asitie mkono ndani. Omba utoe vitu mwenyewe, kimoja baada ya kingine, uvipange juu ya kiti cha manseba au boneti ya gari. Mfuko ukiwa mtupu, ugeuze nje ndani. Kwa njia hiyo hakuna kitu "kitakachopatikana" ambacho hukuja nacho. Na kama kuna watu karibu, mwite mmoja kwa heshima: "Papa, njoo usimame hapa kidogo." Mama muuza karanga anayeketi kona hiyo kila siku ni shahidi bora kuliko rafiki yako.

Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Dada zangu, hapo msione haya: sema unangoja polisi wa kike, hata kama itabidi mwende hadi komisaria (kituo cha polisi). Kupapasa nguo ni kupekua. Kuvuliwa na kuchunguzwa mwilini ni jambo zito zaidi, na sheria imelikabidhi kwa daktari. Nje ya kosa la papo hapo, inatakiwa ukubali kwa maandishi au jaji atoe amri.

Simu ndiyo inayoleta malalamiko mengi siku hizi. "Fungua WhatsApp tuone." Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda siri ya barua na mawasiliano, na inaweza kuguswa tu pale sheria inaposema. Polisi wa doria anayetaka kusoma jumbe zako bila kutaja kosa lolote hana msingi. Simu yenyewe inaweza kukamatwa kama kielelezo, ikidhaniwa imeibwa kwa mfano, na ndiyo maana nawaambia wa Njanja watembee na risiti. Namba ya siri, usiitaje.

Nyumba ina ulinzi zaidi. Kifungu cha 29 kinasema makao hayaingiliwi ila kwa taratibu za sheria. Polisi wa kawaida hana kazi ndani ya chumba chako. Anayepekua nyumba ni OPJ au hakimu wa parke. Omba kuona karte yake ya OPJ na amri aliyokuja nayo. Upekuzi hauanzi kabla ya saa kumi na moja alfajiri wala baada ya saa tatu usiku, isipokuwa jaji ameruhusu. (Ndugu zetu wa Nord-Kivu na Ituri waliwekewa kanuni nyingine tangu Mei 2021: amri ya hali ya kuzingirwa iliwapa wanajeshi ruhusa ya kupekua nyumba mchana na usiku. Mkoa wetu wa Haut-Katanga haumo.) Tembea naye chumba kwa chumba. Akichukua kitu, kiandikwe katika PV, ile hati ya upekuzi. Isome yote kabla ya saini, piga mstari kwenye nafasi zilizobaki wazi, na kama kuna uongo andika "sikubali" juu ya jina lako.

Mambo yakiharibika, usiende kushtaki pale pale ulipopekuliwa. Polisi wa Kongo huhukumiwa na mahakama za kijeshi, hivyo lalamiko linapelekwa kwa oditora ya kijeshi (waendesha mashtaka wa mahakama hizo). Kuna pia ukaguzi mkuu wa polisi, na Tume ya taifa ya haki za binadamu. Kumkamata mtu kiholela kunaadhibiwa na kifungu cha 67 cha sheria ya adhabu, mwaka 1 hadi 5.

Oditora watakuuliza saa, mahali, namba ya gari la polisi, jina lililoshonwa kifuani kama lilionekana, vitu vilivyochukuliwa na nani aliona. Andika hayo jioni ile ile, kabla hujasimulia majirani. Kama ulipigwa, pita hospitali kwanza uombe cheti cha daktari chenye tarehe. Picha za simu zinasaidia, lakini cheti ndicho ninachoweza kuweka kwenye faili.