Namna ya kupinga sheria ndogo ya halmashauri ikiwa bado rasimu

Sheria ndogo, iwe ya Mafinga au ya Rungwe, hupingwa kwa urahisi zaidi kabla haijapita, kwa kuwa halmashauri inawajibika kutangaza kusudio lake na kupokea pingamizi za wananchi kabla ya kuomba idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Soma mbao za matangazo za kata, kisha omba nakala ya rasimu yenyewe. Maneno ya kijiweni hayatoshi.

Ukishaipata, piga hesabu. Mwenye mashine ya kusaga huandika ada ya kibali peke yake, akasahau nauli ya kwenda wilayani na siku ambayo mashine ililala. Fuso la viazi kutoka Uyole likikeshea kwenye kizuizi cha mazao kwa sababu mkata risiti hayupo, viazi vya chini hupata joto na kuanza kuvuja maji, na dalali wa Dar es Salaam hushusha bei ya mzigo mzima. Hasara hiyo iandike kando na ushuru, kwa maana ushuru angalau huingia halmashauri, ilhali viazi vilivyooza havimfaidishi mtu yeyote. Hiyo ndiyo hoja yako nzito kuliko zote.

Kisha uliza, kifungu kwa kifungu, ni madhara gani yanayozuiwa na ni nani anayeyazuia tayari. Udhibiti wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, hivyo anayetaka kuukagua tena unga uleule kwa ada nyingine atoe sababu. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo halali, hata hivyo, ni dhuluma ya kweli kwa mkulima, na Wakala wa Vipimo hawana budi kuizuia. Anayepinga kila kitu hasikilizwi.

Kumbusha pia kwamba mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2, na ikafuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani 1 unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Lililofanywa na Serikali Kuu haliwezi kuitwa uchochezi likidaiwa wilayani.

Barua iende kwa Mkurugenzi, ikiwa na sahihi za wafanyabiashara wenzako, na nakala apewe diwani kabla baraza halijaketi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwani bila muhuri huo masijala watakuambia hawajawahi kuiona.