Lubumbashi: jinsi ya kufuata mechi za madaraja ya chini

Kila mgeni hukimbilia uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa 2011. Nenda, ni mzuri. Ila Jumapili panda taksibasi hadi mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi, ukatafute mechi za timu za mtaa.

Ratiba usiihangaikie kwenye simu. Waulize vijana wauza unite (salio la simu) barabarani. Wanajua nani anacheza na nani. Asubuhi ya mechi uliza tena: mvua au msiba hubadilisha saa.

Mavazi ndiyo huwaponza wengi. Nyeusi na nyeupe ni Mazembe, njano na buluu ni Lupopo, na klabu hizo mbili zote zilizaliwa 1939, kwa hiyo ubishi wao ni wa tangu enzi za mababu. Mimi huvaa shati la kahawia. Hata vumbi jekundu la kiangazi halionekani.

Simama karibu na benchi la timu ngeni, jua likiwa mgongoni. Hapo utamsikia kocha, soksi zimepanda juu ya suruali, akifoka: "Ule nambari kumi, mumukamate!" Wachezaji wa akiba wanacheka chinichini, kidumu cha maji kinapita mkono kwa mkono. Jukwaani hupati hayo.

Beba faranga ndogondogo za kiingilio na michopo (nyama choma), maana chenji ni shida. Picha za wachezaji omba kwanza. Za askari, kamwe. Na kama kiza kinaingia, toka kabla ya firimbi ya mwisho, taksibasi hazijajaa.