Namna ya kupanga utafiti wa kazi ya chuo katika somo la mahusiano kazini

Wanafunzi wengi wa Mtwara na Lindi huchagua mada pana, mathalani "migogoro ya kazi bandarini", kisha ndipo wanapoanza kutafuta ushahidi, na wiki mbili walizopewa zinakwisha kabla hawajaupata. Ninapendekeza uanze na ushahidi unaoweza kuufikia, halafu utunge swali linaloweza kujibiwa nao.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha wahusika na nyaraka zao. Mwajiri ana mikataba, chama cha wafanyakazi kama DOWUTA (cha wafanyakazi wa bandari) au TUICO (cha wafanyakazi wa viwanda na biashara) kina mikataba ya hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, ina majalada ya migogoro. Majalada hayo si rahisi kuyaona, lakini hukumu za Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara zinasomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na nyingi husimulia yaliyotokea mbele ya Tume. Kwa kazi ya muda mfupi, hapo ndipo ningeanzia.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kusoma sheria kabla ya kutunga swali. Tuseme unataka kuchunguza kuachishwa kazi kwa vibarua wa msimu wa korosho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali mfanyakazi aliyetumikia mwajiri mmoja kwa muda unaopungua miezi 6, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Swali la "je, waliachishwa kwa haki?" linaweza basi kufa mikononi mwako. Swali lililo hai zaidi ni hili: kibarua anayerudi kwa mwajiri yuleyule kila msimu huhesabiwaje muda wake? Maneno "mkataba mmoja au zaidi" yanakupa pa kuanzia hoja.

Hatua ya tatu ni vibali. Ukitaka kuwahoji watu, omba mapema barua ya utambulisho ya chuo, kwa kuwa ofisi nyingi hazitakupokea bila hiyo.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Mwalimu, nimepata hukumu kadhaa ambazo mwajiri ameshindwa. Je, naweza kuandika kwamba waajiri wa Mtwara hawafuati sheria?

Jibu: Hapana, ndugu. Hukumu zinaonyesha mashauri yaliyofika mahakamani tu, ilhali yaliyomalizika kwa usuluhishi hayamo, na ambaye hakupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi kwenye Tume ndani ya siku 30 huenda shauri lake halikusikilizwa kabisa. Andika kuhusu namna mahakama inavyopima ushahidi, swali ambalo hukumu zako zinaweza kulijibu.

Swali: Wapakuzi niliowahoji Lindi wanaogopa kutajwa. Nifanyeje?

Jibu: Usiandike majina, wala cheo kinachomtambulisha mtu katika kikundi kidogo. "Mpakuzi wa muda mrefu" inatosha, lakini "nyapara wa zamu ya usiku" inaweza kumfichua siku hiyohiyo. Daftari lenye majina halisi libaki kwako, lisiambatanishwe na kazi.

Swali: Namba za vifungu nilizonazo zinatofautiana na za mwenzangu.

Jibu: Huenda mnatumia matoleo tofauti ya sheria. Taja mwaka wa toleo lako mara ya kwanza unapoinukuu, na usichanganye matoleo mawili katika kazi moja.