Shoofly pie: pai ya molasi yenye chenga juu na utepetepe chini

Ukifika Soko Kuu la Lancaster, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, utaikuta pai hii imepangwa kati ya mikate na jamu. Wenyeji huila hata asubuhi, na kahawa isiyo na sukari. Ni pai ya Wajerumani wa Pennsylvania, ambao mababu zao walianza kuhamia huko mwishoni mwa karne ya 17. Miongoni mwao wamo Waamishi, kundi la Kikristo linaloishi kwa desturi za kale. Haina tunda hata moja. Ni unga, sukari, mafuta na molasi, vitu vinavyokaa stoo mwaka mzima, kwa hiyo ilipikika hata majira ya baridi wakati matunda yalikuwa yameisha. Wanahistoria wa mapishi huihusisha na keki ya molasi ya mwaka 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100 ya uhuru. Ganda lilikuja baadaye, na likafanya kipande kishikike mkononi.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kavu, chenga zimechanganywa na majimaji mpaka ndani yote imekuwa keki. Ya pili ina tabaka tatu: chenga juu, keki laini katikati, na chini kabisa utepetepe mweusi wa molasi. Hapa tunapika hiyo ya pili. Ile kavu inafaa kuchovya kwenye kahawa, lakini kama umeshajisumbua kusukuma ganda, kwa nini ujinyime utamu wa chini?

Kwanza, molasi

Usiharakishe kuwasha oveni. Pai hii huharibikia dukani kabla haijafika jikoni.

Molasi ni ule urojo mweusi unaobaki kiwandani juisi ya miwa ikishachemshwa na sukari kutolewa. Ya mchemko wa kwanza ni nyepesi na tamu. Ya pili ni nyeusi zaidi, na ukali wake unasikika. Ya tatu ni nyeusi tii na chungu, ndiyo inayosifiwa kwenye maduka ya vyakula vya afya. Kwa pai tumia ya kwanza, au ya pili kama unapenda ladha nzito. Ya tatu peke yake itakupa pai chungu ambayo hata aiskrimu haiiokoi. Kama ndiyo pekee uliyoipata, changanya nusu yake na nusu ya sirapu yoyote nyepesi.

Kwa walio Kenya na Tanzania: molasi inayouzwa kwa madumu kwenye maduka ya pembejeo ni ya ng'ombe. Haikuandaliwa kwa usafi wa chakula cha binadamu, hata iwe rahisi namna gani. Badala yake yeyusha sukari guru kwa maji kidogo kwenye moto mdogo mpaka iwe sirapu nzito, ichuje, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau. Limau si la ladha. Bikabonati ya soda tutakayoitia inahitaji asidi ili itoe mapovu, na sukari guru haina asidi ya kutosha. Walio Oman na Ghuba wana dibsi (sirapu) ya tende, nayo inafanya kazi vizuri sana, ila pai itakuwa na ladha ya tende, na hilo si kosa.

Vipimo (chombo cha pai cha inchi 9, kina cha sentimita 4 hivi)

Ganda: unga wa ngano gramu 160, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi baridi gramu 110, maji ya barafu vijiko 3 hadi 4 vya chakula.

Chenga: unga wa ngano gramu 190, sukari ya kahawia gramu 100, siagi baridi gramu 60, chumvi kidogo, na mdalasini nusu kijiko cha chai ukipenda.

Majimaji: molasi mililita 180, maji yaliyochemka mililita 180, yai 1, bikabonati ya soda robo tatu ya kijiko cha chai.

Siagi hapa ni ya maziwa. Majarini laini ya kopo inayeyuka mapema, na chenga zitageuka ugali. Zamani wengi walitumia mafuta ya nguruwe. Kama huyali, hukosi kitu, siagi inatosha.

Hatua ya 1: ganda

Changanya unga na chumvi, katakata siagi humo na uifikiche kwa ncha za vidole mpaka vipande vikubwa vibaki ukubwa wa kunde. Usifikiche zaidi, kwa kuwa vipande hivyo ndivyo vinavyofanya ganda livunjike vizuri mdomoni. Nyunyizia maji ya barafu kijiko kimoja kimoja, na uache mara unga unapoanza kushikana. Usikande, hii si chapati. Ufinyange bonge bapa, funika, weka kwenye friji nusu saa.

Sukuma mpaka duara liwe pana kuliko chombo kwa sentimita tano hivi, litandaze bila kulivuta (ukilivuta litarudi likiiva), kunja kingo na uzibane kwa vidole. Rudisha kwenye friji. Huna haja ya kulioka kabla.

Hatua ya 2: oveni

Washa nyuzi 200 za Selsiasi na uweke trei tupu kwenye ngazi ya chini ipate moto. Pai itakaa juu ya trei hiyo. Joto lake linaiwahi sehemu ya chini ya ganda kabla molasi haijalilowesha, na kikifurika kidogo hutasugua oveni.

Hatua ya 3: chenga

Fikicha unga, sukari, chumvi na siagi, pamoja na mdalasini kama unautumia. Chukua kiasi ufinye kiganjani: zishikane, kisha ukizigusa kwa kidole ziachane. Zikiwa vumbi tupu, siagi haijaenea. Zikiwa donge lisiloachana, zimepata joto, ziweke kwenye friji dakika kumi.

Hatua ya 4: majimaji

Hapa fanya haraka, na ganda na chenga viwe tayari pembeni.

Mimina mililita 120 za maji yaliyochemka kwenye molasi, koroga mpaka ilegee. Acha ipoe iwe vuguvugu, ndipo utie yai lililopigwa. Ukiwahi, yai litaiva na utaona nyuzi nyeupe zikielea. Kisha chemsha tena maji yaliyobaki, koroga soda humo, mimina kwenye molasi. Mchanganyiko utapanda na kuwa na povu la rangi ya kahawia. Povu hilo ni gesi, nayo haikusubiri ujibu simu. Mimina kwenye ganda mara moja.

Usiongeze soda ukidhani pai itapanda zaidi. Ikizidi, utasikia ladha ya sabuni nyuma ya ulimi.

Hatua ya 5: kuweka chenga

Nyunyiza kwa mkono kutoka juu, ukianzia kingoni kuja katikati. Za mwanzo zitazama, na ziache zizame: hizo ndizo zinazokuwa keki ya katikati. Za mwisho zitakaa juu. Usikoroge wala usishindilie. Ukikoroga umeshapika ile pai kavu.

Hatua ya 6: kuoka

Dakika 15 kwa nyuzi 200, kisha shusha hadi 175 na uendelee dakika 30 hadi 35. Kingo zikikolea rangi mapema, zifunike kwa karatasi ya foili. Kwa pai hii usitegemee kuchoma kijiti na kukitoa kikavu. Ukisubiri hivyo, utepetepe wote umekwisha. Tikisa chombo kidogo: kingo zitulie, katikati patetemeke kidogo tu bila kuchezacheza kama maji. Chenga ziwe kavu ukizigusa, pengine na ufa mmoja au miwili.

Hatua ya 7: subira

Iache ipoe saa tatu au nne. Ukiikata ya moto, tabaka la chini litamwagika kwenye sahani na utadhani haikuiva, kumbe lilikuwa bado kuganda. Ikipoa kabisa na bado chini kunatiririka, iliwahi kutoka, mara nyingine iongezee dakika tano hadi nane. Na kama ganda la chini ni bichi lakini juu pameiva, oveni yako ina moto wa juu mkali. Anza na ngazi ya chini kabisa na usiikose ile trei.

Iliyofunikwa hukaa siku mbili nje ya friji kwenye nchi za baridi. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam iweke kwenye friji siku hiyohiyo, kisha itoe nusu saa kabla ya kula. Ukitaka kuipasha, tumia oveni dakika chache, kwani maikrowevu hulainisha ganda. Wengine huweka krimu iliyopigwa juu. Mimi naila na kahawa tupu, na kipande cha kesho yake nakiona kitamu kuliko cha leo.