"Muti" au "mti"? Kumfundisha mtoto wa Lubumbashi sauti za herufi kwa michezo ya simu

Kabla mtoto hajashika simu, cheza wewe mwenyewe dakika tano. Gusa herufi b, usikilize. Simu ikisema "be", kama alfabeti ya Kifaransa, futa mchezo huo. Mtoto aliyekaririshwa majina ya herufi husoma bata kama "be-a-te-a", na bata mwenyewe haonekani popote. Ikitoa sauti fupi ya midomo, ni afadhali, ila nayo ina mtego: b haitamkiki peke yake bila kavumo fulani nyuma yake, na mtoto hukiunganisha kavumo hicho na a. Kwa Kiswahili, unaofaa zaidi ni mchezo unaokwenda kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu.

Feed the Monster ya Curious Learning inapatikana kwa Kiswahili na ni ya bure. Mtoto huburuta herufi mpaka kinywani mwa zimwi. Kuna pia kazi za onebillion na Kitkit School, waliogawana ushindi wa Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kumwezesha mtoto kujifundisha kusoma, mwaka 2019 baada ya tableti kujaribiwa katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania. Michezo ya namna hii huongea Kiswahili cha Tanzania, na hapo ndipo kazi ya mzazi wa Katuba au Ruashi, hapa Lubumbashi, inapoanzia.

Mtoto wetu anasema muti, mutu, mukate. Mchezo unaonyesha picha ya mti, unatamka "m-ti", kisha unamwambia achague silabi ya kwanza. Yeye anaitafuta mu. Akiikuta kati ya majibu, anaibonyeza, na mchezo unakataa. Sikio lake ni zima kabisa: amejibu kwa lugha ya nyumbani. Usimwambie anasema vibaya. Mwambie, "Sisi tunasema muti, kitabuni wanaandika mti." Halafu pigeni makofi: mu-ti, makofi mawili, m-ti, makofi mawili vilevile. Idadi haibadiliki, kinachobadilika ni midomo. Mwekee kidole kwenye midomo yake: akisema mu, inafunguka na kuviringika, akisema m, inabaki imefungwa na sauti inapitia puani. Rudieni kwa mtu, mkono, mkate na mtoto (haya matatu ya mwisho yana makofi matatu kila moja). Jihadhari na mbuzi, maana m yake haijitegemei: mbu-zi, makofi mawili tu. Ukilichanganya na haya mengine siku ya kwanza, utamvuruga.

Dh, th na gh ziache mwisho kabisa. Mtoto anayesikia zahabu na salasini kila siku hana haraka ya kutofautisha dhahabu na thelathini. Anza na a, i, u, e, o, kisha m, l, t, k, b, s, n. Kwa hizo tu tayari ana mama, kaka, lala, taa, bata, samaki.

Sasa simu. Pakua mahali penye Wi-Fi, kisha fungua mchezo na ucheze hatua mbili tatu ukiwa bado na intaneti, kwa sababu baadhi ya michezo huvuta sauti zake baada ya kufunguliwa. Ukiruka hapo, nyumbani utapata picha zilizo bubu. Baadaye washa "Mode Avion": mega zako zinabaki na matangazo mengi yanakoma. Kama menyu ya simu yako ni ya Kifaransa, tafuta "Épingler" au "Épinglage" (kubandika programu kwenye skrini) ndani ya Paramètres, mara nyingi upande wa Sécurité. Ukikiwasha kipengele hicho, ukachagua simu idai PIN wakati wa kutoka, kisha ukaubandika mchezo kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni, mtoto hatatoka kirahisi kwenye mchezo akaingia WhatsApp yako.

Angalia pia spika iko upande gani. Kwenye simu nyingi iko chini, na mtoto akiishika simu kwa ubavu, kiganja chake kinaiziba. Silabi "ma" na "na" zinaanza kufanana, nawe unadhani mtoto haelewi. Geuza simu, au tumia ekuteri (spika za masikioni) wakati mvua inapiga mabati.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha kwa mtoto wa miaka 5 hadi 7, ukiwa umekaa kando yake. Ukimwacha peke yake atajifunza kubonyeza, basi. Penye majibu matatu, anayebonyeza ovyo hupata moja kwa kila tatu bila kujua chochote, na mchezo unaomruhusu kurudia mpaka apate utampa nyota zote. Nyota hizo usiziamini. Zima simu, andika silabi 10 kwa chaki sakafuni bila mpangilio, mwambie azisome. Akipata 8, songeni mbele; chini ya hapo, rudieni hatua ileile kesho. Akichanganya b na d, mwache aziandike kwa kidole kwenye mchanga, moja leo na nyingine baada ya siku kadhaa. Kuzifundisha pamoja ndiko kunakozichanganya zaidi.

Mchezo wa Kifaransa usubiri mpaka asome silabi 20 za Kiswahili bila kujikwaa, na usiweke lugha mbili siku moja. Mwonyeshe mapema kwamba u yetu Wafaransa huiandika ou, na u yao ni sauti nyingine: ulimi wa i, midomo ya u. Ch yao ni sh yetu, kwa hiyo chat (paka) huanza kama shati. Kwa nini t ya mwisho imenyamaza, hilo mwachie mwalimu.