Kuchagua kasha la majivu na kupanga kumbukumbu ukiwa Marekani: anza na mahali, sio na duka

Mkenya mwenzetu akifariki huku Marekani kitu cha kwanza kuundwa ni grupu la WhatsApp, cha pili ni kamati, na kabla jioni haijafika kuna mtu ashauliza mwili unaenda nyumbani ama vipi. Kuna familia zinaamua krimesheni, yaani kuchoma mwili, wengine ni gharama za kusafirisha mwili, wengine marehemu mwenyewe aliacha amesema, na hapo ndio unapata watu wazima wenye digrii zao wamekwama usiku wa manane kwa simu wakiangalia picha za vyombo vya majivu, vya shaba, vya kioo, vyenye ndege, vyenye taa, na hakuna anayejua wanatafuta nini hasa.

Mimi nasema usianze na chombo. Anza na mahali. Majivu yatalala wapi? Yatazikwa ushago kwenye kiunga cha babu, yatakaa sebuleni kwa mjane, yatamwagwa baharini, ama yatawekwa kwa ukuta wa makaburi, ule wenye vitundu vya kuwekea majivu, hapa hapa? Ukishajua hilo chombo kitajichagua chenyewe. Na haraka hakuna kabisa, kwa sababu kampuni ya mazishi inakukabidhi majivu yakiwa ndani ya kasha la plastiki ama la karatasi ngumu, limefungwa vizuri, unaeza kukaa nalo hata mwaka mkingoja watu wakubaliane.

Kabla ya hapo kuna sahihi. Mwili hauchomwi bila mtu mwenye haki kusaini, mara nyingi ni mke au mume kwanza, kisha watoto wakubwa, na kila jimbo lina utaratibu wake. Sheria ikishakupa kalamu usikimbie nayo. Piga simu nyumbani, ongea na mama, ongea na wazee, kwa sababu mwili uliozikwa unaeza kufukuliwa lakini hili likishafanyika limefanyika. Na kama marehemu alikuwa Muislamu basi hakuna cha kujadili, Uislamu hauruhusu kuchoma maiti, tafuteni msikiti ulio karibu wawasaidie na kuosha, kukafini na kuzika haraka. Wakatoliki wameruhusiwa tangu 1963, ila Vatican mwaka 2016 ilisema wazi majivu yasimwagwe, yasigawanywe na yasikae nyumbani, yalale mahali patakatifu kama makaburini. Desemba 2023 ikalegeza kidogo tu, kwamba kwa idhini ya kanisa sehemu ndogo inaeza kuhifadhiwa mahali palipokuwa na maana kwa marehemu. Kwa hivyo ongea na padri kabla hujanunua vile vikopo vidogo sita vya kugawia ndugu.

Wazee wakisema hii ni mila ya Wahindi na Wazungu, mifano ya nyumbani ipo. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alifariki Septemba 2011, akafanyiwa mazishi ya kitaifa Uhuru Park ndani ya jeneza la mianzi, magugu maji na mafunjo kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, kisha akachomwa kwenye tanuri la Kariokor, Nairobi. Mwanasiasa Kenneth Matiba, Lang'ata, 2018. Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, Kariokor, 2019. Charles Njonjo, aliyekuwa mwanasheria mkuu, alifariki Januari 2, 2022 na akachomwa siku hiyo hiyo. Hata Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Anglikana alienda hivo 2005, na watu walisema sana. Sisemi majina yatamaliza ubishi, lakini shosho akisikia askofu mkuu alifanya, sauti inashuka kidogo.

Sasa pesa. Marekani ina sheria ya mazishi inayofanya kazi tangu 1984 na inakulinda kuliko unavyodhani. Kampuni lazima ikwambie bei hata kwa simu, na ukifika ofisini lazima wakupe orodha ya bei iliyoandikwa. Hawawezi kukulazimisha ununue jeneza kwa ajili ya kuchoma tu, kasha rahisi la mbao laini ama karatasi ngumu linatosha. Na hawawezi kukataa chombo ulichonunua kwingine wala kukutoza faini eti hukununua kwao. Piga simu kampuni tatu, uliza bei ya krimesheni ya moja kwa moja isiyo na ibada, utashangaa vile zinapishana ndani ya mji mmoja. Ukitaka kila kitu, kuaga mwili na ibada, sio rahisi vile watu wanafikiria: chama cha kitaifa cha wakurugenzi wa mazishi kilipata mwaka 2023 bei ya katikati ya krimesheni ya aina hiyo ilikuwa dola 6,280, na ya kuzika 8,300. Kama mnataka kumuaga kwanza, na naona ni vizuri hasa kwa walioko nyumbani wanaofuata kwa video, uliza jeneza la kukodi. Lipo. Na waambie mapema kama alikuwa na kile kifaa cha betri cha moyo kifuani, lazima kitolewe kwa sababu kinalipuka kwa ile joto.

Yanayorudi sio jivu la jiko. Ni mifupa iliyosagwa, kijivu cheupe, ina chenga chenga kama mchanga mzito wa ufuoni, na kwa mtu mzima uzito wake mara nyingi ni kilo mbili hadi tatu. Yanakuwa kwenye mfuko wa plastiki nene umefungwa mdomo, na kwenye mfuko kuna kibao kidogo cha chuma, duara, chenye namba. Hicho kibao kiliingia kwenye tanuri pamoja na mwili, ndio uthibitisho kwamba huyu ni mtu wenu. Linganisha namba na ile iliyo kwenye cheti cha kuchomwa, pale pale ofisini, kabla hujatoka, na usikitupe.

Ukubwa ndio unakosesha watu wengi. Hesabu inayotumika: kila kilo ya uzito wa mtu alipokuwa hai inataka kama mililita 36 za nafasi. Mtu wa kilo 70 anataka lita mbili na nusu, wa kilo 90 lita tatu na robo hivi. Maduka ya huku yanaandika inchi za ujazo, na chombo cha kawaida cha mtu mzima ni inchi 200, yaani kama lita 3.3. Ukimpa kazi fundi wa mbao mpe vipimo vya NDANI, sentimita 15 kila upande kwa ndani inakupa karibu lita 3.4, ukimpa vya nje atakula nafasi yote kwa unene wa mbao na utabaki na kasha zuri lisilofunga. Likifika lipime kwa mchele, jaza kwa jagi la lita moja moja uhesabu.

Na angalia mdomo! Vile vyombo vyenye shingo nyembamba ni vizuri kwa picha, lakini inabidi umwage majivu kwa faneli, na hakuna mtu anataka kufanya hiyo kazi mikono ikitetemeka. Mimi napenda kasha la mraba linalofunguka chini kwa skrubu nne, mfuko unaingia mzima mzima na kibao chake, unafunga, basi. Kama ni lazima umwage, fanyia ndani ya nyumba, zima feni, funga dirisha, tandika gazeti pana, na mwite mtu mmoja mtulivu akushikie mfuko, sio umati.

Mbao ama chuma ama jiwe? Rudi kwa swali la mahali. Kama majivu yanapanda ndege, chukua mbao ama plastiki, kwa sababu maofisa wa TSA, wale wakaguzi wa usalama uwanjani, wanapitisha kasha kwa eksirei na eksirei isipoona ndani halipiti, na hawalifungui hata ukiwaomba na kulia. Shaba na jiwe ndio zinaleta shida hapo. Ukitaka jiwe la Kisii kutoka Tabaka, ambalo kwa kweli linapendeza na linachongeka jina, lichongeshe likungoje nyumbani na mhamishe huko huko. Kwa sebuleni weka chochote kizito kisichoangushwa na watoto. Kwa ukuta wa makaburi nenda kwanza na futi ukapime kile kitundu. Kwa kuzika shambani mbao ya mvule ni sawa, ila kama kuna uwezekano familia itahama, weka kitu kisichooza. Kwa bahari kuna vyombo vya chumvi ama karatasi vinavyoyeyuka, na kwa maji ya Marekani lazima muende maili tatu za baharini kutoka nchi kavu, kama kilomita 5 na nusu, na mtoe taarifa kwa shirika la mazingira EPA ndani ya siku 30 baada ya hapo.

Wa kupanda mti nao, ngoja kidogo. Majivu ya mtu yana chumvi nyingi na ni makali kwa udongo, ukimwaga yote kwenye shimo la mche utakauka, alafu watu waanze kusema marehemu amekataa. Changanya kidogo kidogo na udongo mwingi na mboji, ama zika kasha pembeni na mti uupande hatua chache kutoka hapo.

Safari: kata nakala kadhaa za cheti cha kifo zenye muhuri, cheti cha kuchomwa, barua ya kampuni ya mazishi inayosema ndani ni majivu tu, na pasipoti ya marehemu. Piga simu ubalozini na kwa shirika la ndege kabla ya kukata tiketi, kila shirika lina masharti yake, na kama unabadilisha ndege njiani kumbuka utakaguliwa tena. Beba mkononi, usiweke kwa sanduku la chini, masanduku yanapotea. Kutuma kwa posta ndani ya Marekani inawezekana kwa USPS, posta ya serikali, tu, kwa huduma yao ya ekspresi, na tangu Machi 2025 lazima utumie boksi lao maalum la majivu.

Kuhusu ibada, faida moja ya majivu ni kwamba hayawakimbizi. Mnaeza kufanya ya huku wiki hii na ya nyumbani Desemba watu wakiwa na likizo. Ya huku ifanyeni Jumamosi asubuhi. Saa nne asubuhi Minneapolis ni saa kumi na mbili jioni Nairobi wakati wa kiangazi, na saa moja usiku wakati wa baridi, kwa hivyo wazee wanaona kwa simu kabla ya kulala. Mtu mmoja ashughulikie video na asipewe kazi nyingine. Mhazina wa michango awe mmoja na wa pili awe anaona akaunti, atume hesabu kwa grupu kila jioni, hata kama hakuna kilichoingia. Hotuba dakika tatu tatu, na mwenye kipaza sauti awe mtu asiyeogopa kumwambia mjomba inatosha.

Ya nyumbani ndio inataka akili zaidi. Usiwashtukize watu na kiboksi. Wameweka turubai, wamepika, wamekuja kuzika mtu, alafu unashuka kwa gari na kitu cha kubeba kwapani? Iandikwe kwa tanzia mapema kwamba marehemu alichomwa na yanayoletwa ni majivu. Weka meza yenye kitambaa kizuri, picha kubwa, kasha mbele yake, na libebwe na watu wawili kutoka nyumbani hadi kaburini taratibu. Chimbeni kaburi kweli, hata kama ni nusu mita kila upande, ili mama yake apate mahali pa kutupia konzi ya udongo, maana bila hiyo kwake mazishi hayajafanyika. Mjengee na saruji juu, weka msalaba ama jiwe.

Jiwe, na kibao cha jina cha kwenye kasha pia, usimtumie fundi tarehe kwa namba. Wamarekani wanaanza na mwezi, sisi tunaanza na siku, 4/7 ya huku ni Aprili 7 na ya nyumbani ni Julai 4, na shaba ikishachongwa haina kufuta. Andika mwezi kwa maneno, tuma jina vile lilivyo kwenye kitambulisho, omba picha ya mchoro kabla hawajachonga, muonyeshe mtu mmoja aliyezaliwa nyumba moja na marehemu, alafu ndio ulipe.